Malipo ya uzazi yakikatika: kuendesha nyumba na kupata kazi ya nusu siku, Unguja na Pemba

Arubaini inatudanganya kwenye hesabu. Mzazi anakaa kwa mama yake, uji wa pilipili manga anapikiwa, supu ya kuku hajui imelipiwa na nani, na kila anayekuja kumuona mtoto anaacha chochote chini ya mto. Mshahara wa likizo unaingia, hautumiki wote, naye anajiona yuko sawa. Halafu anafungasha vyake, anarudi kwake Fuoni au Wete, na hapo ndipo nyumba inapoanza kudai: gesi, maji, pampasi, umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla. Siku 40 zimeshaondoka katika zile 90 za likizo. Zimebaki 50 za kujipanga.

Mimi yalinikuta kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Nilijifungua mwezi wa tatu, likizo ikaisha mwezi wa sita, nikaambiwa msimu haujachanganya, nirudi kwa siku tatu za wiki na malipo ya siku tatu. Nilikubali bila ya kupiga hesabu, na kwa miezi miwili nikawa nafanya kazi ya kumlipa mwenye daladala na msichana wa kulea. Kwa mtoto wa pili nilijipanga mapema. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyafanya mara ya pili, pamoja na niliyoyapata kwa wenzangu wa Paje na wa Pemba.

Hatua ya 1: Jua siku yako ya mwisho na unachodai

Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 90 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Chukua kalenda, hesabu tangu siku likizo ilipoanza (wengi huanza kabla ya kujifungua, wakasahau), kisha itie duara siku ya mwisho. Duara hilo alione na mumeo.

Kisha fuatilia mambo matatu ukiwa bado unalipwa. La kwanza, salio la likizo yako ya mwaka. Kama hukuichukua, andika barua uombe iunganishwe na likizo ya uzazi. Unaweza kujipatia wiki kadhaa za malipo hapo. La pili, kama ni mwanachama wa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, nenda ofisini kwao ukaulize mafao ya uzazi, na papo hapo uombe taarifa ya michango yako uone kama iliyokatwa kwenye mshahara imefika. Nenda na kitambulisho chako, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kifuatilie mapema, maana kitatakiwa pengi. La tatu, kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, wafuate benki kabla mshahara haujapungua. Ukienda kabla unazungumza nao mpango. Ukienda baada ya kukosa malipo ya mwezi mmoja, unazungumza nao deni.

Hatua ya 2: Daftari la siku 30

Nunua daftari la skuli la kurasa 40. Lianze siku unayorudi nyumbani kwako kutoka kwa mama, usilianze kabla, kwa sababu ile niliyoisema ya arubaini. Kila jioni mtoto akishalala, andika kila kilichotoka: kilo ya mchele, fungu la dagaa, nauli, vocha, mia tano ya ubuyu. Usiandike "matumizi madogo". Hilo neno ndilo linalokula pesa za watu.

Langu la mtoto wa pili ninalo mpaka leo. Ukurasa wa tarehe 9 una mistari 11, na mitano kati yake ni dukani kwa Mpemba wa jirani: sabuni ya unga, pampasi mbili, kiberiti, mkate wa boflo, pampasi mbili tena. Nilikuwa nanunua pampasi mbilimbili kwa sababu pakiti nzima ilionekana ghali. Nilipojumlisha mwezi mzima nikakuta zile za rejareja zimenigharimu pakiti moja na nusu zaidi. Tangu hapo mchana mtoto alivaa winda za kitambaa, pampasi zikabaki za usiku na safari, na pakiti inanunuliwa nzima siku pesa inapoingia.

Siku 30 zikitimia, panga matumizi katika mafungu: chakula, nishati, yaani Tukuza na gesi au makaa, mtoto, nauli, watoto wakubwa, skuli na chuoni, michango ya shughuli. Hili la mwisho usiliruke kwa haya. Harusi, hitima na maulidi haviji na notisi, na mtu wa Unguja au Pemba hawezi kusema hatoi. Panga kiwango cha mwezi, na kikiisha, nenda kasaidie kwa mikono jikoni. Kwetu nayo ni michango na inathaminiwa.

Ukurasa wa nyuma chora miezi 12 uandike gharama kubwa zinazokuja kwa mkupuo. Kodi ya nyumba, kama mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Sare na madaftari mwezi wa kwanza. Ramadhani na nguo za Sikukuu, ukikumbuka kuwa Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo haitakukuta palepale ilipokukuta mwaka jana. Kila gharama igawe kwa miezi iliyobaki kuifikia. Kodi ya 600,000 inayodaiwa baada ya miezi sita ni 100,000 ya kila mwezi, na ni ya kuwekwa kando tangu sasa.

Hatua ya 3: Kikao na baba watoto

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoiona ya lazima.

Kwa dini yetu matunzo ya mke na watoto yako juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Hayo sote tunayajua. Lakini nyumba nyingi za leo mshahara wa mke umeshaingia ndani ya sufuria bila ya mtu yeyote kulitamka. Mke analipa umeme kwa kuwa yeye ndiye anayesikia mita ikilia, ananunua gesi kwa kuwa imemuishia yeye mkononi, na mume kwa nia safi kabisa anaamini kwamba anachotoa kinatosha. Malipo ya uzazi yakikatika mume anaona mke amebadilika, amekuwa mdai. Mke anaona mume hajali. Na hakuna kati yao aliyewahi kuziona hesabu zenyewe.

Basi kaeni na daftari. Chagueni wakati mzuri, baada ya isha, mtoto amelala, simu ziwekwe mbali. Mimi nilianza hivi: "Baba watoto, kaa kidogo nikuoneshe kitu. Sidai. Nataka tuone pamoja." Nikamfungulia ukurasa wa jumla, nikamuonesha mistari niliyokuwa nikiilipa mimi. Alinyamaza, akalichukua daftari akapiga hesabu upya kwa simu yake, kisha akasema, "Kumbe Tukuza ilikuwa yako miaka yote hii?" Usiku ule tuliandika nani analipa nini kuanzia tarehe ya duara. Umeme na gesi akachukua yeye. Pampasi nikabaki nazo mimi kwa hiari yangu, tukaandika kuwa ni hiari.

Andikeni kweli, kwa kalamu. Mke anapotia pesa yake kwenye jambo lililo juu ya mume, liandikwe kama ni sadaka au ni karadha ya kurudishwa. Ndugu yangu, hakuna ubaya wowote katika kuandika. Kutoandika ndiko kunakozaa maneno miaka mitano baadaye, wakati kiwanja kinanunuliwa na jina linaandikwa moja.

Kama mume yuko safarini, Dar es Salaam au Muscat, kikao ni hikihiki kwa simu, na picha ya ukurasa unamtumia kabla hamjazungumza. Kama mmeachana, au yupo na hatoi matunzo ya mtoto, washirikishe wazee na sheha wa shehia yako. Likishindikana, Mahakama ya Kadhi husikiliza madai ya matunzo. Daftari lako lichukue. Madai yenye hesabu ya siku 30 husikilizwa vizuri kuliko madai ya machozi peke yake.

Hatua ya 4: Daraja la miezi mitatu

Chukua jumla ya matumizi ya mwezi yaliyobaki juu yako, zidisha mara tatu. Hicho ndicho kiwango cha kukuvusha mpaka kazi mpya ianze kulipa. Usipokifikia usivunjike moyo, nusu yake nayo ni kinga.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kibati, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kwa sharti moja: upangie zamu yako. Kama uko kwenye kibati cha watu kumi, ukiwa bado mjamzito mwambie kijumbe, yule anayekusanya michango, akuwekee zamu katika mwezi wa kwanza au wa pili baada ya likizo kuisha. Watu wanaelewa, na wenye kusubiri zamu za mwanzo kwa ajili ya harusi hubadilishana nawe. Lakini kumbuka: ukishapokea, unaendelea kutoa mpaka wa mwisho apokee. Kwa hiyo siku ya kupokea, michango iliyobaki ihesabu kwanza uitie kwenye bahasha yake. Nimeona mama mtu mzima akihama njia ya kwendea sokoni kwa kumkwepa kijumbe, kwa laki na nusu tu.

Mikopo ya haraka ya kwenye simu na ile ya mitaani ambayo watu wameshaipa jina la kausha damu, kaa nayo mbali, hata kama ni ya elfu ishirini. Ukiacha suala la riba, ambalo kwa Muislamu linatosha peke yake, mkopo wa wiki moja hauwezi kulipwa na kazi ambayo haijaanza.

Baada ya hapo punguza kwenye yale makubwa mawili: chakula na nishati. Maharage na choroko weka maji usiku, yatakula gesi kidogo. Mchele nunua kwa kiroba ukiwa na uwezo, au shirikianeni na wifi mgawane. Kwa mama anayenyonyesha usipunguze samaki, mboga na maji. Dagaa na majani ya kisamvu au mchicha ni chakula bora na si ghali.

Hatua ya 5: Kuchagua kazi kwa kinachobaki

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuangalia kazi inalipa ngapi. Swali ni kinabaki ngapi.

Tuchukue mfano. Kazi ya nusu siku mjini inalipa 200,000 kwa mwezi, siku 24. Nauli kwenda na kurudi 1,200 kwa siku: 28,800. Msichana wa kulea: 80,000. Chai na kitafunwa cha 1,500: 36,000. Mtoto akiwa kwa mlezi winda hazibadilishwi kama ukiwa wewe, basi pampasi mbili zaidi kwa siku, za 500 kila moja: 24,000. Jumla 168,800. Mkononi zinabaki 31,200. Saa nne za kazi na saa moja na nusu ya njiani, kwa siku 24, ni saa 132. Umelipwa kiasi cha shilingi 236 kwa saa. Sasa weka bei zako halisi. Kama bibi yake mtoto yupo nyumba ya pili na atamshika kwa mapenzi, zile 80,000 zinarudi na kazi hiyohiyo inakuwa nzuri.

Na biashara ya nyumbani nayo ipigiwe hesabu vilevile, maana tunaipamba. Maandazi: unga kilo mbili 4,000, nazi mbili 2,000, sukari 800, mafuta 2,500, hamira na iliki 500, makaa 1,000. Jumla 10,800. Unatoa maandazi 60 ya shilingi 200, yaani 12,000. Faida 1,200. Watoto wakila matano yamekwenda 1,000. Umeamka saa kumi usiku kwa shilingi mia mbili. Sisemi usipike maandazi. Nasema pika kwa oda. Mtu anayetaka vitumbua 200 vya hitima, mkate wa kumimina wa shughuli, visheti na vileja vya Sikukuu, anakulipa nusu kabla, huna kinacholala, na unajua siku ya kufanya kazi na siku ya kupumzika. Ramadhani ndiyo msimu wako mkubwa: sambusa, kachori na katlesi hutafutwa kuanzia alasiri, na ukizitengeneza mbichi ukazigandisha, unauza kwa pakiti bila ya kusimama jua la barazani. Ukitaka kufungasha na kuweka dukani, utahitaji kupita ZFDA, wakala wa chakula na dawa. Anza kuulizia taratibu mapema.

Jambo jingine ambalo sikulijua: tofautisha kazi kwa wakati pesa inapoingia.

Vitafunwa vinalipa siku ileile. Masomo ya ziada ya watoto wa jirani, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, hulipa kwa wiki au kwa mwezi, na mtaji wake ni chaki na mkeka. Ajira hulipa mwisho wa mwezi.

Mwani unafuata maji. Kazi iko kwenye bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi, mwandamo na mwezi mpevu, halafu unapumzika. Huo ni mpangilio mzuri kwa mama mwenye mtoto. Lakini mwani huchukua kiasi cha wiki sita kukua, kisha ukaushwe, ndipo uuzwe. Hesabu miezi miwili bila ya senti. Tena ni kusimama majini kwa saa nyingi na kubeba polo zito lenye maji. Wenzangu wa Paje na Jambiani wananiambia hawarudi majini mpaka mwili umefunga vizuri na mkunga ameridhia, na wao ni watu wa kazi. Wasikilize.

Kofia za mkono, zile za viua tunazozishona barazani Unguja na Pemba, zinakubaliana sana na kunyonyesha. Unashona mtoto akilala, unaiweka akiamka. Ila kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, hata miezi, kwa hiyo pesa yake usiipangie chakula. Ipangie kodi, au ile gharama ya mkupuo kwenye ukurasa wa nyuma. Mume wa mtu anataka kofia ya Sikukuu, basi oda ichukuliwe miezi kabla.

Kwa walioko Pemba, msimu wa karafuu ukichanganya kuna kuchambua. Karafuu zinashuka na makonyo yake, jioni watu wanakaa ukumbini kuzitenga, malipo kwa pishi. Kazi ya kukaa kitako, mtoto mapajani au pembeni kwenye mkeka. Ni ya msimu, na msimu mwingine mikarafuu haibebi, basi iwe nyongeza na isiwe nguzo.

Na wewe wa hotelini kama nilivyokuwa mimi, masika, yaani mwezi wa nne na wa tano, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga. Ajira yako ya siku tatu inaweza kuwa hakuna. Iwe na mwenzake.

Mpango wangu ulikuwa huu: kazi moja ya pesa ya haraka kwa ajili ya sufuria, na moja ya pesa ya mbali kwa ajili ya kodi. Nilipika oda na nilishona kofia. Ukiongeza ya tatu, mtoto ndiye atakayelipa.

Hatua ya 6: Nani anabaki na mtoto

Mama au mama mkwe akikubali kumshika mjukuu, muulize afya yake kwanza na umwekee siku za kupumzika. Mpelekee kitu kila mwezi hata akikataa. Kanga, sukari, vocha. Mtoto wa miezi minne si wa kumtupia mtu mzima wa miaka 65 siku sita za wiki kwa sababu tu ni bibi yake.

Maziwa: kwa miezi sita ya mwanzo mtoto anahitaji ya mama peke yake, hata maji hapewi. Kazi ya nusu siku inalikubali hilo ukijifunza kukamua. Anza wiki mbili kabla, asubuhi mapema ambapo maziwa ni mengi, kwa mikono safi na chombo kilichochemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa nne penye joto lisilozidi nyuzi 25. Sisi wakati wa Kaskazi joto linapita 30, basi yatie kwenye friji, ambako hukaa mpaka siku nne, au kwenye kibebeo chenye barafu. Alishwe kwa kikombe kidogo au kijiko. Chupa ni ngumu kusafisha, na watoto wengine wakizoea chuchu ya chupa wanalikataa ziwa. Siku za sindano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, usizipangie kazi.

Hatua ya 7: Kabla ya kusema ndiyo

Omba iandikwe: siku zipi, saa ngapi mpaka saa ngapi, malipo gani saa zikizidi, ruhusa ya kunyonyesha au kukamua na mahali pa kufanyia, michango ya ZSSF, na ukiitwa siku isiyo yako unalipwa vipi. Nusu siku isiyoandikwa hurefuka. Mwajiri wangu alikuwa mtu mwema, na bado saa saba ilikuwa inageuka saa tisa kila Ijumaa.

Hatua ya 8: Pesa ikianza kuingia

Ya biashara isilale pamoja na ya nyumba. Tumia laini ya pili ya simu, au kopo mbili kabatini, unavyoona wewe. Kila oda, kwanza rudisha mtaji wa oda inayofuata, pili toa fungu la gharama ya mkupuo, tatu ndipo upeleke jikoni. Ukipunguziwa saa ukapoteza michango ya kila mwezi, ZSSF ina mpango wa kuchangia kwa hiari ambao mama lishe na mshona kofia wanaruhusiwa. Hata kidogo kidogo kiingie. Ukiwa na wenzako wa kuaminika na kazi imeshapata wateja, Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, huwapa mikopo wajasiriamali na vikundi. Usiende kabla ya kuwa na daftari la miezi mitatu la mauzo.

Baada ya miezi mitatu rudia ukurasa wa jumla pamoja na baba watoto. Kazi ambayo kinachobaki kwa saa ni kidogo na mtoto hapati uzito kliniki, iache, hata kama watu wanaisifia. Kazi inayobakisha, iongezee siku moja, usiiongezee tatu. Kisha geuza kurasa, anza daftari jipya la siku 30, maana mtoto wa miezi sita ameshaanza kula uji, na uji nao una hesabu yake.